Mnara na Chungu: Wasafiri katika Miji ya Kale ya Italia

Miji ya kale ya Italia hutunza kumbukumbu kwa njia mbili. Ya kwanza ni mawe: viwanja vya makaisari, makanisa ya mapapa, majumba ya mabwana wa benki, kuba, minara na sanamu. Ya pili ni chungu. Chakula hupikwa, kikaliwa, kikaisha, na kesho yake kikapikwa tena kwa mkono uliofundishwa na mkono wa jana. Majengo makubwa karibu yote yaliagizwa na wenye mamlaka, na majina yao yangali juu ya milango. Vyakula vinavyosifiwa sana katika miji hiyohiyo vilitoka kwa wachinjaji, mabaharia, wachuuzi na watu waliofungiwa mitaani mwao, na majina ya hao hayakuandikwa popote. Kwa hiyo msafiri anayetazama mawe na kula chochote kilicho karibu anarudi kwao na nusu ya historia, tena ile nusu iliyosimuliwa na washindi.

Wageni si jambo jipya huko. Mwaka 1300 Papa Bonifasi VIII alitangaza Jubilei ya kwanza, mahujaji wakamiminika Roma kutafuta msamaha, na kila mmoja wao alihitaji mkate, divai na mahali pa kulaza ubavu. Katika karne ya 18 vijana wa koo tajiri za Ulaya kaskazini walikwenda Italia kukamilisha elimu yao kwa kuona magofu na michoro. Mwandishi Goethe alikaa huko tangu 1786 hadi 1788. Safari za namna hiyo zilichukua miezi, na mtu akikaa miezi lazima ajue soko liko wapi na mkate mzuri unatoka tanuri lipi. Leo wengi hujipangia siku mbili Roma, siku moja Firenze na saa chache Venezia. Mchana wote humezwa na foleni, mlo ukageuka kuwa kituo cha kupumzisha miguu. Hapo ndipo hasara inapoanzia, maana mlo ndio mlango ambao miji hii imeuacha wazi kwa kila mtu bila tiketi.

Roma humpokea mgeni kwa kumbukumbu inayoigusa Pembe ya Afrika, ingawa wachache huitambua. Anayeshuka katika stesheni ya Termini anatokea Piazza dei Cinquecento, Uwanja wa Mia Tano. Mia tano hao ni askari wa Italia waliouawa Dogali, nchini Eritrea, Januari 1887, mbele ya jeshi la Ras Alula, jemadari wa Ethiopia. Mitaa ya jirani na stesheni ina migahawa ya Waeritrea na Waethiopia, ambako injera huliwa kwa mkono kutoka sinia moja. Kusini zaidi, karibu na Circo Massimo, kwa miaka mingi ilisimama nguzo ya jiwe ya Aksum, yenye kimo cha mita 24 hivi, ambayo utawala wa Mussolini uliichukua kutoka Ethiopia mwaka 1937. Ilirudishwa mwaka 2005, na mwaka 2008 ikasimamishwa tena Aksum. Mambo haya hayapewi nafasi kubwa katika ziara za kawaida. Hata hivyo sinia la injera jirani na Termini ni sehemu ya historia ya Roma sawasawa na tao lolote la ushindi, na anayeanza ziara yake hapo ameanza mahali panapostahili.

Colosseum ulianza kujengwa na Kaisari Vespasian karibu mwaka 72, ukafunguliwa na mwanawe Titus mwaka 80. Gharama zake zililipwa kwa ngawira ya vita vya Uyahudi, ambamo Titus aliuteka mji wa Yerusalemu na kuliteketeza Hekalu mwaka 70. Hatua chache kutoka hapo lipo Tao la Titus, na ndani yake mchongo wa askari wakibeba kinara cha taa saba kilichotolewa Hekaluni. Watalii hupiga picha, wakaendelea na safari. Anayetembea kama dakika ishirini kuelekea mto Tiber hufika kwenye mtaa wa Wayahudi wa Roma, jamii iliyokuwako mjini hata kabla ya Titus, na ingali hapo baada ya makaisari wote kwisha.

Mwaka 1555 Papa Paulo IV aliamuru Wayahudi wafungiwe katika mtaa huo wa bondeni, mahali ambapo mto ulifurika mara kwa mara. Malango yalifungwa usiku. Kazi walizoruhusiwa zilikuwa chache, na kubwa kati yake ilikuwa biashara ya nguo kuukuu. Isipokuwa kwa vipindi vifupi vya nafuu, hali hiyo ilidumu mpaka mwaka 1870. Upishi uliozaliwa humo ni wa watu wenye kidogo na akili nyingi. Soko la samaki lilikuwa palepale, penye magofu ya Portico d'Ottavia, na vichwa na mifupa iliyobaki iliingia katika supu. Artichoki, mboga yenye umbo la ua lililofumba, humenywa kwa kisu kwa kuizungusha mkononi, ikakaangwa taratibu katika mafuta, kisha ikarudishwa kwenye mafuta ya moto mkali mpaka majani yake yafunguke na kuwa makavu ya kuvunjika mdomoni. Huitwa carciofi alla giudia, artichoki za Kiyahudi, na majira yake ni mwisho wa kipupwe hadi masika. Mkahawa unaoziuza Agosti umezitoa mbali.

Asubuhi ya tarehe 16 Oktoba 1943 askari wa Kijerumani waliuzingira mtaa huo. Watu zaidi ya 1,000 walipelekwa Auschwitz. Waliorudi ni 16. Mbele ya milango kadhaa, vijiwe vya shaba vimepachikwa katika sakafu ya barabara, kila kimoja na jina la mtu aliyetolewa nyumba ile. Meza za migahawa zimepangwa jirani na vijiwe hivyo. Hakuna ubaya kula hapo, kwa sababu mtaa huu umeamua kuendelea kuishi, na kupika ni sehemu ya kuishi. Lakini anayekula bila kuangalia chini amekosa nusu ya mlo wake.

Testaccio, kusini mwa mji, hauna kanisa linalovuta foleni. Una kilima. Monte Testaccio, chenye kimo cha mita 35 hivi, ni lundo la vigae vya mitungi ya mafuta ya zeituni iliyoshushwa kwenye gati za mto katika enzi za makaisari. Mafuta yalitoka kusini mwa Hispania na Afrika Kaskazini. Mtungi uliokwisha kunywa mafuta huchacha, haufai tena kutiwa kitu. Basi ulivunjwa, vigae vikapangwa kwa utaratibu na kumwagiwa chokaa ili kuua harufu. Wataalamu hukadiria kwamba humo imo mitungi zaidi ya milioni 50. Hakuna kaisari aliyeagiza kilima hiki, na bado ndicho kinachoeleza vizuri kuliko jengo lolote jinsi mji mkubwa kiasi kile ulivyolishwa.

Mwishoni mwa karne ya 19 machinjio makubwa ya Roma yalijengwa chini ya kilima hicho, na yalifanya kazi mpaka mwaka 1975. Robo nne za nyama nzuri zilikwenda kwa wenye fedha. Kilichobaki, yaani mkia, utumbo, kichwa, ini, mapafu na figo, kiliitwa robo ya tano, na wafanyakazi walipewa hicho kama sehemu ya ujira wao. Wake zao na wenye vilabu vya jirani ndio waliokigeuza kuwa vyakula ambavyo sasa watu huvuka bahari kuvionja: mkia wa ng'ombe uliopikwa kwa saa nyingi na nyanya na seleri, utumbo wenye mnanaa na jibini ya kondoo. Msafiri aliyezoea supu ya utumbo alfajiri Kariakoo atakuta ndugu wa mchuzi ule, umefika kwa njia nyingine kabisa: shida ileile na hekima ileile ya kuchemsha polepole. Majengo ya machinjio yangali yamesimama, sasa yakitumika kwa sanaa na masomo, na kulabu za kutundikia nyama bado zimo.

Tambi za Roma nazo zina ukoo wao. Inayoanza ni ile ya jibini ya kondoo na pilipili manga, cacio e pepe, chakula cha wachungaji waliobeba vitu visivyooza. Ikiongezwa shavu la nguruwe lililokaushwa kwa chumvi, huwa gricia. Ikiongezwa na nyanya, huwa amatriciana. Mayai yakishika nafasi ya nyanya, huwa carbonara. Amatriciana ilitoka mji mdogo wa milimani, Amatrice, ulioangushwa na tetemeko la usiku wa tarehe 24 Agosti 2016, lililoua watu karibu 300 katika eneo lile. Majuma yaliyofuata, migahawa ya Italia na ya nchi nyingine ilitenga euro kwa kila sahani ya tambi hiyo ili kuwasaidia walionusurika. Makanisa ya Amatrice yalikuwa vifusi, lakini jina la mji lilikuwa katika kila orodha ya chakula.

Kwa msafiri Mwislamu, orodha hiyo inahitaji kusomwa kwa makini. Shavu la nguruwe limo katika tambi tatu kati ya hizo nne, mafuta ya nguruwe hutumika katika baadhi ya vitafunio vya Napoli, na divai huingia katika michuzi bila kutangazwa. Cacio e pepe haina nyama, ingawa jibini yake hugandishwa kwa kimeng'enya cha tumbo la mwanakondoo, na mwenye kujihadhari sana ataamua mwenyewe. Roma si mji wa kulala njaa, hata hivyo. Soko la Esquilino, karibu na Termini, lina mabucha ya halali na viungo vya kila bara, na Msikiti Mkuu wa Roma, uliobuniwa na msanifu Paolo Portoghesi, umekuwa wazi tangu mwaka 1995. Msafiri huyo ataelekezwa na mahitaji yake kwenye masoko ambako watu wa mji hununua, na atayaona yale ambayo wenye kuketi katika uwanja mashuhuri hawayaoni.

Kuna desturi za meza ambazo mgeni asipozijua hujiona ametapeliwa. Kahawa inayonywewa kwa kusimama kaunta huwa na bei ndogo, na ileile ikiletwa mezani uwanjani inaweza kuzidi mara kadhaa, kwa kuwa kiti na mandhari vinalipiwa. Migahawa ya miji mingi hutoza kila kichwa ada ndogo ya meza na mkate, na ada hiyo huandikwa kwenye orodha ya bei. Jiko la mchana hufungwa kati ya saa nane na saa tisa, halafu haliwashwi tena mpaka saa moja na nusu au saa mbili usiku. Mkahawa unaopika mfululizo kutwa nzima karibu na mnara mkubwa, wenye picha za vyakula mlangoni na mtu wa kuwaita wapitao, umejengwa kwa ajili ya mgeni asiyetarajiwa kurudi. Ajabu ni kwamba mara nyingi hauna hata unafuu wa bei. Maji ni kinyume chake. Mabomba ya chuma ya mitaani Roma, yenye mdomo kama pua, yaliyoanza kuwekwa mwaka 1874, hutoa maji safi ya kunywa bila malipo, na chemchemi ya Trevi, iliyokamilika mwaka 1762, inalishwa na mfereji ambao Agripa aliufungua mwaka wa 19 kabla ya Kristo. Sarafu zinazotupwa Trevi, zaidi ya euro milioni moja kwa mwaka, hukusanywa na kupewa shirika la Caritas kwa ajili ya maskini.

Firenze unabana hazina nyingi katika eneo dogo. Kuba la kanisa kuu, kazi ya Brunelleschi, lilijengwa kati ya 1420 na 1436 bila jukwaa la mbao la kulishikilia kutoka chini. Sanamu ya Daudi ya Michelangelo, iliyokamilika mwaka 1504, ilikaa nje uwanjani mpaka mwaka 1873. Kwamba vitu hivi vingali mjini ni matokeo ya uamuzi wa mwanamke mmoja. Anna Maria Luisa, wa mwisho katika ukoo wa Medici, alifanya mkataba na watawala wapya mwaka 1737 kwamba hazina za ukoo wake zisitolewe Firenze, ziwe pambo la dola, manufaa ya umma na kivutio kwa wageni. Karibu miaka 300 iliyopita, mgeni alikwisha kutajwa katika hati. Jumba la Uffizi, ambalo Vasari alianza kulijenga mwaka 1560 kwa ajili ya ofisi za serikali, lilifunguliwa kwa umma mwaka 1769.

Wingi huo unaweza kumlemea mtu. Mwandishi Stendhal aliandika juu ya mapigo ya moyo na kizunguzungu kilichomshika alipotoka kanisa la Santa Croce mwaka 1817, na katika miaka ya 1970 na 1980 daktari Graziella Magherini wa hospitali ya Santa Maria Nuova aliwahudumia wageni waliopatwa na hali kama hiyo, akaipa jina la Stendhal. Sanaa ina nguvu, hilo halina ubishi. Hata hivyo ziara nyingi hupangwa kana kwamba jicho halichoki na tumbo halipo. Vyumba vitano vya Uffizi vilivyotazamwa kwa utulivu vina faida kuliko arobaini vilivyopitwa mbio.

Dawa ya Firenze inauzwa vibandani. Lampredotto ni tumbo la nne la ng'ombe, lililochemshwa na kitunguu, seleri na nyanya, likakatwa vipande, likatiwa katika mkate ambao upande wake mmoja umechovywa kwenye mchuzi. Mafundi wa ujenzi, makarani na wanafunzi hulila wakiwa wamesimama bega kwa bega. Mkate wenyewe hauna chumvi, desturi ya Toscana ambayo asili yake wenyeji huieleza kwa visa vinavyopingana. Mshairi Dante, aliyefukuzwa Firenze mwaka 1302, alifanya chumvi ya mkate wa ugenini kuwa alama ya uchungu wa uhamisho. Mkate uliokauka hautupwi. Hurudishwa chunguni pamoja na maharage na sukumawiki nyeusi ya huko, ukawa ribollita. Mwaka 2018 manispaa ilipiga marufuku kukaa na kula kwenye vijia vya mitaa kadhaa karibu na Uffizi saa za milo, kwa faini iliyoweza kufika euro 500. Wengine waliona ni ukali. Lakini aliyewahi kupita mtaa wa Neri adhuhuri, na kukuta wazee wa mtaa hawawezi kufika milangoni mwao, ataielewa.

Bologna hupitiwa na treni za kwenda Venezia, na wengi hawashuki. Ni hasara. Chuo kikuu chake huhesabiwa kuanzia mwaka 1088, na baraza zake zenye matao, urefu wake wote kilomita 62, ziliingizwa katika orodha ya UNESCO mwaka 2021. Sheria ya mwaka 1288 ililazimisha nyumba mpya kuwa na baraza, ya kimo cha kumwezesha mpanda farasi kupita. Mji unaowapa wapita njia kivuli cha lazima umekwisha kuonyesha tabia yake. Nyama ya kusaga iliyoenea duniani kwa jina la mji huu huliwa hapa na tambi pana za mayai, na upishi wake uliandikishwa rasmi katika chama cha wafanyabiashara mwaka 1982.

Venezia ndiko swali la nani anapika linakouma. Mwaka 1951 mji wa visiwani ulikuwa na wakazi kama 175,000. Mwaka 2022 walishuka chini ya 50,000. Duka moja la dawa karibu na daraja la Rialto huonyesha dirishani idadi ya waliobaki. Meli kubwa za watalii zilizuiwa kupita mfereji wa Giudecca mwaka 2021, na mwaka 2024 mji ulianza kutoza euro 5 kwa wageni wa kutwa katika siku za msongamano. Hatua hizi zina nia njema, lakini hazimrudishii mtu nyumba iliyokwisha kugeuzwa ya kulaza wageni. Nyumba ikikosa mpishi, mtaa ukakosa mwashi na muuza mboga, soko la samaki la Rialto hubaki na wapiga picha wengi kuliko wanunuzi.

Na chakula cha Venezia ni cha soko na cha bahari. Dagaa wakubwa hukaangwa, wakafunikwa kwa vitunguu, siki na zabibu kavu, wakaachwa siku nzima au zaidi. Mabaharia waliwahifadhi hivyo kwa safari. Samaki mkavu anayepondwa kwa mafuta mpaka awe laini hutoka Norway, na wenyeji husimulia kwamba alijulikana kwao baada ya nahodha Pietro Querini kuvunjikiwa na meli na kuokolewa na wavuvi wa visiwa vya Lofoten mwaka 1432. Katika vilabu vidogo vya nyuma ya Rialto vitu hivi huwekwa juu ya vipande vya mkate, na watu huvila wima, mchana au kabla ya chakula cha usiku. Ndiyo njia bora ya kula mjini humo, na wala haimalizi mfuko.

Utajiri uliojenga kanisa la Mtakatifu Marko na majumba ya Mfereji Mkuu ulitokana kwa sehemu kubwa na pilipili manga na viungo vilivyonunuliwa Aleksandria, baada ya kuvuka Bahari ya Hindi na Bahari ya Shamu. Mwaka 1498 Vasco da Gama alivuka kutoka Malindi hadi Calicut akiongozwa na rubani aliyepewa na mtawala wa Malindi. Habari ya njia hiyo mpya ilipofika Venezia, wafanyabiashara walishikwa na hofu, na kwa haki. Karne tatu na zaidi baadaye, ushanga wa kioo wa Venezia ulikuwa miongoni mwa bidhaa ambazo misafara ya Zanzibar ilibeba kwenda bara. Msomaji wa pwani anapolitazama duka la vioo la Murano, au kukuta pilipili manga katika sahani, anatazama biashara ambayo mababu zake walikuwa ndani yake.

Napoli hauhitaji kutetewa kwa habari ya chakula. Pizza ilikuwa mlo wa maskini wa mitaani muda mrefu kabla ya mwaka 1889, ambapo inasimuliwa kwamba Raffaele Esposito alimpikia Malkia Margherita ile ya nyanya, jibini na majani ya rihani. Mwaka 2017 UNESCO iliutambua ustadi wa mafundi wa pizza wa Napoli: ufundi wa mkono, unaorithishwa mbele ya tanuri. Upo pia utamaduni wa kulipia kahawa mbili na kunywa moja, ili asiye na kitu aingie baadaye na kuikuta.

Pompeii, mwendo mfupi kwa treni, huwafundisha wageni jambo ambalo mahekalu hayawezi. Vesuvio ulipolipuka mwaka 79, katika tanuri moja ilibaki mikate 81 iliyogeuka makaa. Kando ya barabara kuna kaunta za mawe zenye matundu ya kutia vyungu; wakazi wengi hawakuwa na majiko nyumbani, wakila kwa mama lishe na baba lishe wa zama zile. Kaunta moja, iliyofukuliwa yote na kutangazwa Desemba 2020, ilikuwa na michoro ya bata na jogoo, na ndani ya vyungu vyake mabaki ya bata, mbuzi, nguruwe, samaki na konokono. Nyanya hazimo, kwa sababu zilikuja Ulaya kutoka Amerika katika karne ya 16. Tangu Novemba 2024 wanaoingia hawaruhusiwi kuzidi 20,000 kwa siku. Wengi wao hukimbilia miili ya plasta ya waliokufa. Kaunta zinastahili muda zaidi, kwani pale watu wa Pompeii wanaonekana wakiwa hai.

Palermo huja mwisho katika ratiba nyingi, au haumo kabisa, ingawa hakuna mji mwingine ambamo jiwe na chungu vinasimulia kisa kimoja waziwazi hivi. Waislamu waliuteka mwaka 831 na kuufanya makao yao makuu. Wanormani wakautwaa mwaka 1072. Mfalme Roger II, aliyevikwa taji mwaka 1130, alijenga ndani ya jumba lake kikanisa cha Cappella Palatina, chenye kuta za picha za Kigiriki za vijiwe vya dhahabu na dari ya mbao iliyochongwa na kupakwa rangi kwa mtindo wa Kiislamu, maandishi ya Kiarabu yakiwamo. Katika baraza la mfalme huyo Al-Idrisi alikamilisha mwaka 1154 kitabu chake cha jiografia, na ndani ya kitabu hicho zimo Malindi na Mombasa. Pwani ya Waswahili iliandikwa Palermo wakati ambapo sehemu kubwa ya Ulaya haikuwa imesikia habari zake.

Waarabu waliendeleza huko miwa, michungwa na mabilingani, na mpaka leo cassata ni tamu ya sukari na matunda, na caponata ni bilingani lenye siki na sukari. Mjini Trapani, magharibi mwa kisiwa, kuskusi hupikwa na samaki. Katika masoko ya Palermo huuzwa vipande vya kukaanga vya unga wa dengu, na mkate wa bandama na mapafu ya ndama, ambao kwa simulizi za mji ulianzishwa na wachinjaji wa Kiyahudi: hawakutoza fedha kwa kuchinja, wakachukua matumbo na kuyauza. Wayahudi walifukuzwa Sisilia kwa amri ya mwaka 1492. Mkate ulibaki.

Mmoja wa watakatifu wa mji huu alikuwa mpishi. Benedikto, aliyezaliwa katika jimbo la Messina karibu mwaka 1526 na wazazi Waafrika waliokuwa watumwa, alifanya kazi jikoni katika nyumba ya watawa ya Santa Maria di Gesù, akachaguliwa kuwa mkuu wao ilhali hakujua kusoma, na muda wake ulipokwisha akarudi jikoni. Alifariki mwaka 1589, akatangazwa mtakatifu mwaka 1807. Moto wa nyika wa Julai 2023 uliliunguza kanisa la nyumba hiyo ya watawa pamoja na masalio yake. Heshima ya mji kwake haikuungua, naye amebaki miongoni mwa wasimamizi wake.

Kutoka Cappella Palatina hadi soko la Ballarò ni kama dakika kumi kwa miguu. Wauzaji wa Kisisilia huita bidhaa zao kwa sauti ndefu, na kando yao wapo wenye maduka kutoka Bangladesh, Ghana, Nigeria na Tunisia, kila mmoja na viungo vyake. Inafaa kuingia kikanisani mapema, kabla ya makundi ya mabasi, na kuitazama dari kwa muda wa kutosha, kisha kushuka sokoni kabla ya adhuhuri, samaki wangali wabichi na mafuta ya kukaangia yamepata moto.